Dawa ya Moraa na Fatwa ya Dameski

Swali: Wageni wenye silaha wakiingia nchi ya watu, mtu wa dini awaambie wenzake nini? Wanaojibu ni wakazi wa Marani, Kenya, na jirani yao mmoja kutoka mji wa Kisii.

MZEE WA UKOO: Tuanzie nyumbani. Moraa wa Ngiti alikuwa omoragori, mwenye kuona na kuagua, wa Kitutu hii hii tuliyoketi. Mwaka 1905 Waingereza walikuja na bunduki wakaua zaidi ya watu mia moja katika msafara mmoja. Mwaka 1907 wakarudi kukaa, wakajenga boma Getembe, pale panapoitwa Kisii leo. Wazee wetu wanasimulia kuwa Moraa aliwakemea wanaume waliokuwa wakitazama tu. Akawapa vijana dawa, akawabariki. Januari 1908 Otenyo akamvizia njiani ofisa wa boma, Northcote, tuliyemwita Nyarigoti, akamchoma mkuki mgongoni. Mimi nasema hiyo ndiyo dini. Dini isiyoweza kumwambia mnyang'anyi atoke ni nyimbo tu.

MCHUNGAJI: Mzee, nakusikia, lakini simulizi yako imekatikia mahali patamu. Northcote alipona. Miaka mingi baadaye, mwaka 1937, akawa gavana wa Hong Kong. Otenyo alikamatwa, akauawa mwaka huohuo wa 1908. Jeshi likaingia vijijini, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakaswagwa. Ripoti zilizofika London zilitaja watu 160 waliokwisha kuuawa, hata Winston Churchill, aliyekuwa Wizara ya Makoloni, akahoji kuna haja gani ya kuendelea kuua watu wasioweza kujitetea. Sasa dawa ilimlinda nani? Mtu akimwambia kijana kwamba risasi haitampata, kijana akaenda akafa, damu hiyo iko mikononi mwa nani?

MZEE WA UKOO: Mwa aliyefyatua.

MCHUNGAJI: Peke yake?

MZEE WA UKOO: Yeye kwanza. Ninyi watu wa kanisa mna haraka ya kumruka mfyatuaji ili mfike kwa Moraa. Zaidi ya miaka mia imepita, na jamaa wa Otenyo bado wanadai kichwa chake, wanachosema kilipelekwa Uingereza. Mzungu aliyechomwa alipewa ugavana, aliyemchoma hana hata kaburi. Halafu anayehojiwa ni bibi aliyechemsha majani!

SHEIKH: Mzee, niruhusu nilete kisa cha mbali, maana swali la Mchungaji liliwahi kuulizwa Dameski miaka 600 kabla ya Moraa. Ahmad ibn Taymiyya alizaliwa Harran mwaka 1263, miaka mitano baada ya Wamongoli kuiteketeza Baghdadi na kumuua khalifa. Alikuwa bado mtoto jamaa zake walipowakimbia Wamongoli hao hao wakahamia Dameski. Desemba 1299 Ghazan, mfalme wa Wamongoli wa Uajemi, alilishinda jeshi la Misri karibu na Homs. Makadhi na wakuu wengi wa Dameski wakakimbilia Misri. Ibn Taymiyya akabaki. Alikwenda na ujumbe wa wanazuoni hadi Nabk, akasimama mbele ya Ghazan kuuombea mji amani. Baadaye akaingia kwa makamanda wake kudai mateka. Walipokubali kuwaachia Waislamu peke yao, alikataa, akataka na Wakristo na Wayahudi, kwa kuwa nao walikuwa raia walioahidiwa ulinzi. Hayo aliyaandika mwenyewe katika barua aliyompelekea mtawala wa Kipro. Kwa hiyo jibu langu kwa swali lililotukutanisha ni kwamba mtu wa dini ana kazi kubwa kabla ya mkuki. Aende kwa adui na mikono mitupu, aulize watu wake wako wapi.

MZEE WA UKOO: Na adui akikataa?

SHEIKH: Akikataa, atetee nchi. Ibn Taymiyya alikwenda Kairo kumhimiza Sultani an-Nasir Muhammad atoe jeshi. Aprili 1303, ndani ya Ramadhani, Wamongoli walikutana na jeshi hilo Shaqhab, kusini ya Dameski. Alikuwapo safuni. Aliwapa askari fatwa ya kufungua, akapita kati yao akila mbele ya macho yao ili wajue kwamba nguvu za mwili siku ile zilikuwa ibada. Wamongoli walishindwa.

MZEE WA UKOO: Basi sioni tofauti yake na Moraa.

MCHUNGAJI: Mimi naiona. Sheikh ametuambia mtu yule aliwaambia askari wale chakula wapate nguvu. Huo ni ukweli unaoweza kuupima. Moraa aliwapa imani kwamba chuma hakitapenya ngozi.

MWALIMU WA HISTORIA: Hapo nakukatiza, Mchungaji. Ibn Kathir, aliyekuwa mwanafunzi wa Ibn Taymiyya, anaeleza kwamba kabla ya Shaqhab mwalimu wake aliwaapia watu kwa jina la Mungu kuwa safari ile watashinda. Wakamwambia aseme inshallah. Akasema anaisema, ila kwa uhakika na si kwa mashaka. Hiyo nayo ni ahadi ya ushindi iliyotoka kinywani mwa mtu wa dini, wakaambiwa vijana wanaokwenda kufa. Shaqhab walishinda, kwa hiyo kiapo kile tunakiita imani. Kitutu walishindwa, kwa hiyo dawa ile tunaiita ulaghai. Kama kipimo chetu ni nani aliyeshinda, tuseme hivyo waziwazi, tuache kutaja dini.

MCHUNGAJI: Kipimo changu ni hesabu ya waliokufa.

MWALIMU WA HISTORIA: Shaqhab pia walikufa.

SHEIKH: Mwalimu amenigusa mahali pagumu, nami sitakwepa. Kiapo kile kinanitia hofu mimi pia. Lakini angalieni kilikaa juu ya nini. Wamamluki, watawala wa Misri, walikuwa wamekwisha kuwashinda Wamongoli Ain Jalut mwaka 1260. Walikuwa na farasi, pinde, sultani na hazina. Kiapo hakikuchukua nafasi ya jeshi, kiliwatia moyo watu waliokuwa na jeshi. Kwa wanazuoni wetu uwezo ni sharti. Asiye na uwezo hawajibiki kujitupa. Mwaka 1905 mikuki ilikwisha kukutana na bunduki na bombomu hapa hapa Gusii, na kila mtu aliona kilichotokea. Kwa hiyo mwaka 1908 Moraa hakuwa gizani.

MZEE WA UKOO: Kwa hiyo mnyonge anyamaze kwa sababu ni mnyonge? Mwenye bombomu akishajua sharti lako hilo, Sheikh, atavamia kila mahali bila kuulizwa.

SHEIKH: Sikusema anyamaze. Nimesema asiahidiwe.

MAMA MKULIMA: Nimewasikiliza wote, na mmemfanya Moraa jemadari aliyeketi kilimani akituma watoto wa watu. Mimi nimesimuliwa na bibi yangu. Otenyo alikuwa mtoto wa nyumbani kwake. Mwanamke hamtumi wa kwake mwenyewe kwa Mzungu akijua dawa ni uongo. Aliiamini, na akalipa yeye kabla ya majirani. Hata huyo wenu wa Dameski, nilichompendea ni kwamba alibaki mjini wakubwa walipokimbia. Mtu wa dini akitaka niwatoe wanangu, nitamuuliza kwanza wake wako wapi. Nikimkuta wake wako mbele, nitakaa nimsikilize, hata kama sitakubali.

MCHUNGAJI: Mama, mtu anaweza kuamini kwa moyo wote na bado akapoteza kizazi.

MAMA MKULIMA: Anaweza. Lakini usimwite mlaghai.

MCHUNGAJI: Hilo nalichukua. Neno ulaghai nalirudisha. Kosa nalibakisha.

MZEE WA UKOO: Sasa mimi nina neno na Sheikh. Unatufundisha uwezo na sharti, lakini hebu tukumbushane boma la Getembe lililindwa na nani. Askari wa King's African Rifles hawakuwa Wazungu. Walikuwa watu weusi, na wengine walikuwa Wanubi wa kutoka Sudani waliokuwa wakisali kama unavyosali. Kijiji chenu pale mjini kilianza hivyo.

SHEIKH: Kilianza hivyo. Babu wa baba yangu alifika huku amevaa sare ile, na sijawahi kuificha habari hiyo. Ndiyo maana Ibn Taymiyya ananisumbua kuliko anavyowasumbua ninyi. Mnadhani watu wa Dameski walimuuliza tu kama inafaa kupigana na makafiri? Hilo lisingehitaji fatwa. Ghazan alikuwa amesilimu mwaka 1295. Askari wake walitoa shahada, walikuwa na maimamu na waadhini kambini. Watu walimuuliza: tutawapigaje wanaosema tunayosema? Akajibu kwamba mtu anayetamka shahada, kisha akaweka sheria za Chinggis Khan juu ya sheria ya Mungu na kumwaga damu ya wenzake, hajakingwa na ulimi wake. Wakamuuliza tena: na waliolazimishwa kuingia katika jeshi lile? Akasema hao watapigwa pamoja na jeshi kwa kuwa hawatambulikani, lakini siku ya Kiyama watafufuliwa kwa nia zao. Nimesoma maneno hayo nikimfikiria babu yangu. Walimwandikisha kijana, mbali na kwao. Otenyo angemuua, angekuwa na haki. Na Mungu angemhukumu kwa nia aliyokuwa nayo, ambayo mimi siijui.

MZEE WA UKOO: Umesema kweli mbele ya watu. Nakushukuru.

MWALIMU WA HISTORIA: Nawaombeni tusitulie hapo, maana jibu lile lina mlango wa hatari. Ukishasema kwamba wanaotamka imani yako si wenzako, ni nani atakayechora mpaka? Mwaka 1305 Ibn Taymiyya huyo huyo alifuatana na jeshi la Wamamluki kupanda milima ya Kisrawan, Lebanoni, kuwapiga Waislamu wa madhehebu mengine walioshtakiwa kuwa waliwasaidia Wamongoli na Wafaranki, yaani Wazungu wa vita vya msalaba. Miti ya mashamba yao ilikatwa. Wamongoli walikuwa wamekwisha kushindwa miaka miwili nyuma, na upanga ukamgeukia jirani. Na karne nyingi baadaye, Misri, Muhammad Abd al-Salam Faraj aliandika kijitabu akizitumia fatwa zile dhidi ya Wamongoli kuthibitisha kwamba rais anayejiita Mwislamu anaweza kuuawa. Tarehe 6 Oktoba 1981 Anwar Sadat akapigwa risasi.

SHEIKH: Mwalimu, soma na ukurasa wa pili. Aliulizwa pia kuhusu Mardin, mji wa Waislamu uliokuwa chini ya Wamongoli. Je, wakazi wake ni wasaliti? Akasema damu yao na mali yao ni haramu popote walipo. Asiyeweza kushika dini yake pale ahame, anayeweza si lazima ahame. Na akakataza kuwatukana au kuwaita wanafiki kwa jumla. Mwaka 2010 wanazuoni walikutana Mardin penyewe kueleza kwamba fatwa ile haimpi mtu ruhusa ya kuua.

MWALIMU WA HISTORIA: Nimeusoma, na ndio ukurasa ningetaka usomwe Marani kabla ya mwingine wowote. Maana hapa pia tuna nyumba ambazo babu zao walikuwa machifu, wakalimani, askari, wanafunzi wa misheni, na mpaka leo wakigombania shamba mtu huambiwa babu yake aliwaonyesha Wazungu njia. Lakini kalamu iliyowatetea watu wa Mardin ndiyo iliyobariki Kisrawan. Mwenyewe alifia kifungoni mwaka 1328, katika ngome ya Dameski, ile ile iliyokataa kufunguliwa Wamongoli walipoingia mjini, na kabla ya kufa alikwisha kunyang'anywa karatasi na wino. Maneno yalikuwa yametoka. Hakuna mtu wa dini anayeweza kuyafuata maneno yake kila yanakokwenda.

MCHUNGAJI: Na hapo ndipo penye hofu yangu, si ya miaka 700 iliyopita. Oktoba 2011 jeshi letu liliingia Somalia. Tendo hilo sisi tuliliita ulinzi, wapiganaji wa al-Shabaab wakaliita uvamizi. Aprili 2015 wakaingia Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148 wakafa, wengi wao wanafunzi waliokuwa wakitafuta vyeti. Waliowaua nao walisema wanajibu wavamizi. Ukishampa mtu hoja kwamba Mungu anataka mvamizi auawe, utamzuiaje asimhesabu mwanafunzi kuwa mvamizi?

MZEE WA UKOO: Otenyo hakumchoma mwanafunzi. Alimchoma ofisa wa serikali, mwenye askari na bunduki, aliyekuwa akikaa katika nchi ya wenyewe bila kukaribishwa. Usiwaweke pamoja, Mchungaji. Unamtukana marehemu.

SHEIKH: Ni kweli. Nami natoka katika dini ambayo wauaji wale walijifunika nayo. Ibn Taymiyya niliyewasimulia aliingia kambi ya adui kuwatoa Wakristo. Garissa Wakristo walitenganishwa ili wauawe. Mtu akitaka kupata kwa Ibn Taymiyya ushahidi wa kuhalalisha Garissa, kwanza afute barua ile ya Kipro.

MCHUNGAJI: Basi nipeni ruhusa niwasimamishie mtu mwingine wa Kitutu, ambaye naona tumemsahau. Sakawa, aliyetokea upande wa Nyakoe. Kabla Mzungu hajaonekana huku, Sakawa aliwaambia watu kuwa wageni watakuja, mashujaa watanyang'anywa silaha, na akaonyesha Getembe mahali mji utakapokaa. Hakuchemsha dawa ya risasi. Aliwaambia watu kinachokuja ili wajiandae. Nabii wa aina hiyo namwelewa, yuko karibu na Yeremia, aliyewaambia watu wa Yerusalemu ukweli wasioupenda kuhusu Babeli.

MZEE WA UKOO: Yeremia walimtupa shimoni.

MWALIMU WA HISTORIA: Na Sakawa hakuachwa awe nabii wa kujiandaa tu. Mwaka 1913, Alego, Onyango Dunde alitangaza kwamba nyoka mkubwa wa ziwani, Mumbo, alimmeza na kumtapika akiwa mzima, akampa ujumbe: dini ya Wazungu imeoza, siku za Wazungu zimekaribia mwisho, acheni kulima, chinjeni mifugo, chakula kitakuja. Ujumbe ukapanda mpaka Gusii. Septemba 1914 Wajerumani walivuka mpaka wakapigana na Waingereza papa hapa Kisii, na Waingereza walipoondoka mjini kwa muda, watu waliona unabii unatimia. Maduka, ofisi, misheni ya Wakatoliki ya Nyabururu na ya Wasabato ya Nyanchwa, vyote vikaporwa. Waingereza wakarudi wakachoma nyumba na kuchukua mifugo, kisha wakawachukua vijana kubeba mizigo ya vita, ile Kariakoo ambayo wengi hawakurudi. Waumini wa Mumbo huku wakalishika jina la Sakawa, wakasema atarejea. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 serikali ikawahamishia viongozi wao Lamu, na chama chenyewe kilikuja kupigwa marufuku mwaka 1954. Watu hawakutaka nabii wa kuwaambia tu kwamba watashindwa. Walitaka wa kuwaambia itakwisha lini.

MAMA MKULIMA: Hilo la kuacha kulima ndilo siwezi kulimeza. Dawa ya Moraa ilimtaka mtu mzima aliyeshika mkuki. Mumbo alitaka chakula cha mtoto. Nabii anayesema msilime, je, anajua watoto hula mara ngapi kwa siku? Waingereza walituchukulia ng'ombe kwa nguvu, na huyu akatuambia tuchinje waliobaki kwa hiari.

MZEE WA UKOO: Watu walikuwa wamechoka, mama. Kodi ya nyumba, kazi ya kulazimishwa, kiboko cha askari wa chifu. Aliyewaambia itakwisha aliwapa usingizi.

MAMA MKULIMA: Najua. Na asubuhi wakaamka na njaa.

MCHUNGAJI: Basi tuko wapi? Mzee haachi kusema Moraa alikuwa sawa. Mimi siachi kusema hakuwa na haki ya kuahidi. Sheikh anataka mateka kwanza, jeshi baadaye, na ahadi isiwepo. Mwalimu anatuonya juu ya maneno yanayoishi kuliko mwenye kuyasema.

MZEE WA UKOO: Nami sijamaliza. Mnaposema asingeahidi, mnadhani vijana wale walikwenda kwa sababu ya majani. Walikwenda kwa sababu ng'ombe wao walichukuliwa. Dawa iliwafanya waende pamoja. Bila Moraa wangekwenda mmoja mmoja na wangekufa vilevile, na leo tusingekuwa na jina la kulitaja.

SHEIKH: Jina tunalo moja, Mzee. La Otenyo. Ripoti ya London ilikuwa na 160. Wengine ni akina nani?

MZEE WA UKOO: Hawakuandikwa.

MWALIMU WA HISTORIA: Waingereza waliandika hesabu yao, na Northcote wakamwandika mpaka Hong Kong. Darasani ninafundisha Moraa na Otenyo kwa kipindi kimoja, tunaendelea na sura nyingine.

MAMA MKULIMA: Wameandikwa, ila si kwenye karatasi. Sisi Abagusii tunawapa watoto majina ya waliokufa. Waliouawa mwaka 1905 na 1908 walirudishiwa majina na wajukuu, na wajukuu hao walikuwa wazee tuliowazika majuzi, na wachache bado wako Marani, Sensi, Kegogi, mpaka Bogeka. Kabla hatujaamua kama Moraa aliwaua au aliwainua, tuwajue hao waliokwenda. Kila mwenye bibi au babu aliye hai amuulize wiki hii: jina lako ulirithi la nani, na huyo alikufaje? Aandike tarehe, ukoo na mahali, ampelekee mwalimu wa shule iliyo karibu. Msiulize wanaume peke yao. Waliobaki nyumbani mwaka ule walikuwa wanawake, na wao ndio waliowazika.